Jinsi ya Kununua na Kufunga Kipenu cha Bati Juu ya Kibaraza Bila Maji Kupita Ukutani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu kufunga kipenu cha bati chenye fremu ya chuma juu ya kibaraza cha nyuma ya nyumba yake. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimefunga changu mwenyewe, nacho kilivuja kwa misimu miwili ya mvua kabla sijatambua kwamba kosa halikuwa kwenye mabati hata kidogo, bali pale kipenu kinapokutana na ukuta. Kwa sababu hiyo hatua ya 6 ni ndefu kuliko nyingine zote. Ninamwomba msomaji aisome kabla hajanunua chochote, kwa kuwa inaamua baadhi ya vitu vya kununua, na sehemu ya kazi yake hufanywa kabla bati la kwanza halijapandishwa.

Vipimo ninavyotumia ni vya kipenu chenye upana wa mita 4 kando ya ukuta na urefu wa mita 3 kutoka ukutani kwenda nje. Mahali penye theluji, dhoruba au upepo mkali wa mara kwa mara, vipimo vya chuma na vya misingi vithibitishwe kwanza na mhandisi.

Hatua ya 1: Kupima

Anza na mteremko, kwa sababu ndio unaoamua urefu wa kila kitu kingine. Kwa mabati ya migongo mimi hutumia mteremko wa sentimita 10 kwa kila mita, yaani sentimita 30 kwa mita 3. Ukingo wa chini ukiwa mita 2.2 juu ya sakafu, upande wa ukutani utakuwa mita 2.5. Fungua mlango na madirisha yote yanayofunguka nje na uhakikishe kwamba hayatagusa fremu. Ikiwa nafasi chini ya upenu wa paa la nyumba haitoshi, ni heri upunguze urefu wa kipenu kuliko kupunguza mteremko, kwa sababu bati lililolala hupitisha maji kwenye maungio yake hata likiwa jipya kabisa.

Hatua ya 2: Kununua

Namba ya geji, yaani kipimo cha unene wa bati, huwachanganya wanunuzi wengi, kwa kuwa inapopanda bati huwa jembamba zaidi. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na geji 26 ni nene kuliko zote mbili. Kwa kipenu ambacho mtu atapanda juu yake kukisafisha, sishauri chini ya unene wa geji 28, na kama muuzaji ana maikromita, mwombe apime bati lenyewe mbele yako badala ya kutegemea maandishi yaliyopigwa juu yake.

Jambo la pili ni upana. Bati likipandana na jirani yake hupoteza sehemu ya upana wake, hivyo bati lenye upana wa sentimita 90 linaweza kufunika sentimita 76 tu. Gawanya mita 4 kwa upana unaofunika, si kwa upana kamili: kwa mfano huu unahitaji mabati 6, ilhali hesabu ya haraka ingekupa 5. Urefu uagize mzima, mita 3 na sentimita 6 za kuingilia juu ya gata, ili pasiwe na maungio ya kukatiza mteremko.

Karibu na bahari nachagua aluminiamu, na kwingineko chuma kilichopakwa zinki na rangi. Ukichagua aluminiamu, usiiruhusu iguse chuma kitupu wala shaba, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, moja huliwa. Skrubu ziwe zile zinazotoboa zenyewe, zenye washa za mpira. Gundi ya kuziba nitaieleza katika hatua ya 6, na tafadhali usiinunue kabla ya kufika huko.

Hatua ya 3: Boriti ya ukutani

Boriti hii ni bomba la mraba mrefu la milimita 80 kwa 40, lenye unene wa milimita 2, linalofungwa ukutani na kubeba upande wa juu wa kipenu. Kwa kuweka alama zake usawa, situmii pima maji ya mkono kwa umbali wa mita 4, kwa sababu kosa dogo hukua kila unapoihamisha. Natumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji na usio na kiputo cha hewa ndani, kwani maji husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili hata kama sakafu imeinama.

Ukuta wa tofali zilizojaa au wa zege hushika vizuri bolti za kupanuka za M12 (zenye kipenyo cha milimita 12), moja kila sentimita 60, zikiingia sentimita 8 hadi 10 ndani ya tofali bila kuhesabu plasta. Tofali zenye matundu ni jambo jingine kabisa: bolti ya kupanuka huvunja kuta zake nyembamba na kubaki ikicheza. Hapo tumia bolti za kugandishwa kwa gundi pamoja na mfuko wake wa wavu, au pitisha bolti hadi upande wa pili wa ukuta na uifunge kwa bamba la chuma. Vumbi lote litolewe kwenye matundu kabla ya kuingiza chochote.

Hatua ya 4: Nguzo, makombamoyo na mapao

Chimba mashimo 3 ya nguzo, kila moja sentimita 40 kwa 40 na kina cha sentimita 60. Shimo la ukubwa huo hubeba zege la kilo zipatazo 230, na wengi huniuliza kwa nini zege lote hilo kwa paa jepesi. Jibu ni kwamba halipo kwa ajili ya kubeba uzito, bali kwa ajili ya kukizuia kipenu kisinyanyuliwe na upepo unaoingia kwa chini, ambao hauna pengine pa kutokea. Nguzo zisimame juu ya bamba lililofungwa kwa bolti kwenye zege, si kuzikwa ndani yake, kwa sababu chuma kilichozikwa huoza pale kinapotokea juu ya ardhi. Liache zege siku 7.

Boriti ya mbele ikae juu ya nguzo, kisha makombamoyo 5 (mabomba yanayotoka boriti ya ukutani hadi ya mbele) kwa nafasi ya mita 1, na mapao (mabomba ya kukatiza yanayobeba mabati) juu yake kila sentimita 75. Ziba ncha zote za mabomba, na upake rangi ya kuzuia kutu kila palipochomelewa kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Mabati

Anza kuezeka upande ambao upepo wa mvua hauji kutoka, ili maungio yaupe mgongo. Piga skrubu juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita, na uache kukaza pale tu washa ya mpira inapoanza kubonyea. Ikiminywa hadi kutokeza pembeni, itapasuka mapema. Kata mabati kwa mkasi wa bati. Grenda huunguza zinki na rangi kwenye ukingo, na cheche zake hugandia juu ya bati na kuwa madoa ya kutu baada ya siku chache.

Hatua ya 6: Maungio ya kipenu na ukuta

Kwenye kipenu changu cha kwanza nilikunja bati la kinga umbo la L, nikalibana juu ya plasta kwa skrubu, nikapitisha silikoni kwenye ukingo wake wa juu. Maji ya mvua kubwa ya kwanza yakapenya. Nikaongeza silikoni. Msimu uliofuata nikaifunika kwa chokaa cha saruji, nacho kikapasuka, kwa kuwa bati hutanuka juani na saruji haitanuki: aluminiamu yenye urefu wa mita 4 huongezeka karibu milimita 4 joto lake likipanda nyuzi 40, na chuma huongezeka takribani nusu ya hapo. Mwishowe nilikaa kutwa nzima juu ya ngazi na mpira wa maji, nikaona kwamba maji hayakupita hata kidogo kwenye silikoni niliyokuwa nikiirudia. Yaliingia katika nyufa nyembamba za plasta, shubiri moja juu ya kinga, yakateremka nyuma ya plasta, yakaipita kinga kwa ndani na kutokea kwenye bolti za boriti.

Kwa hiyo kinga iliyobandikwa juu ya plasta haifai, hata ibandikwe vizuri kiasi gani. Ni lazima iingie ukutani kupita plasta, ili iikate njia ya maji.

Kabla ya kuezeka, piga mstari ukutani sentimita 15 juu ya mahali uso wa bati utakapofika, na uurefushe sentimita 10 zaidi ya kipenu kila upande, kwa sababu maji hupenda kuingilia nchani. Kata mfereji kwa grenda yenye diski ya almasi, ukipita mara mbili ili upate upana wa milimita 6 hivi. Kina chake kiwe unene wa plasta na sentimita 1.5 ndani ya tofali, si zaidi, maana tofali zenye matundu zina kuta nyembamba, na kwenye linta ya zege (boriti iliyo juu ya mlango au dirisha) nondo hazipo mbali na uso. Kabla ya kukata, zima umeme na uangalie kama kuna swichi au soketi chini ya mstari, kwani nyaya zake mara nyingi hupanda wima ndani ya plasta. Vaa miwani na barakoa inayochuja vumbi. Vumbi la zege na la tofali za saruji lina silika, nayo huharibu mapafu. Gonga plasta iliyo karibu, na kama inatoa sauti tupu, ibandue na uipige upya.

Kabla ya kupandisha kila bati, kunja juu kwa koleo ncha ya ukutani ya kila bonde, ili upepo usisukume maji nyuma. Hii ni kazi ya dakika chache, na mafundi wengi huiruka.

Mabati yakishafungwa, safisha mfereji kwa brashi hadi pasibaki vumbi, kwa maana gundi hushika vumbi badala ya kushika ukuta. Kinga iwe na mkunjo wa juu wa kuingia ndani ya mfereji, ubavu wa sentimita 15 ulioegemea ukuta, na ulimi wa sentimita 15 juu ya mabati, ukingo wake ukiinamishwa chini. Itengeneze kwa vipande viwili vinavyopandana sentimita 10, vikiwa vimetenganishwa na gundi tu na bila skrubu kwenye mpandano huo, ili viweze kutembea. Ibane ndani ya mfereji kwa vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa, kimoja kila sentimita 40, kisha jaza mfereji gundi.

Kuhusu gundi nina msimamo usiobadilika. Silikoni ya kawaida inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Asidi hiyo hula zinki, na gundi yenyewe haishiki vizuri kwenye saruji. Tumia silikoni isiyo na asidi au gundi ya poliurithani ya nje, hata ikiwa ghali zaidi, na uipake siku kavu. Usiimalizie kwa saruji juu yake.

Pale tu ambapo kipenu kinaingia chini kabisa ya upenu mpana wa nyumba, ambako mvua haiufikii ukuta, ndipo mfereji unaweza kuachwa.

Hatua ya 7: Gata na jaribio la maji

Gata iwe na mteremko wa milimita 5 kwa kila mita. Mvua ya milimita 20 juu ya mita 12 za mraba ni lita 240, kwa hiyo amua mapema maji hayo yataelekea wapi, yasije yakachimba msingi wako au kumwagikia uwanja wa jirani.

Gundi ikishakauka, jaribu kwa mpira wa maji mkiwa watu wawili, mmoja juu na mwingine chini ya boriti akiwa na tochi. Anza chini, kwenye ulimi wa kinga, na umwagilie dakika 10 kabla ya kupanda hadi kwenye mfereji, kisha dakika 10 nyingine kabla ya kupanda kwenye ukuta ulio juu yake. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila mahali kwa pamoja na hutajua yalikoingilia. Tone likionekana, funga maji papo hapo na uweke alama ya chaki mahali mpira ulipokuwa ukimwagilia, kisha uache ukuta ukauke kabisa kabla ya kufungua sehemu hiyo na kuipaka gundi upya.