Anza na mkanda: kuchagua ala ya bastola ya kila siku ukiwa ughaibuni

Baba mdogo ana kibanda cha ngozi Miomboni, Iringa mjini, na hajawahi kushika bastola maishani mwake. Ila ndiye aliyenitatulia shida iliyonitesa Houston, Marekani, miaka miwili. Nilikuja likizo mwezi wa saba, baridi ikichoma masikio, nikamwekea mezani mkanda wangu wa suruali.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu." Akaukunja mkanda, akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha. "Hii siyo ngozi. Hii ni karatasi imepakwa rangi. Unabeba nini kiunoni mpaka umejikunja hivi?"

Nikamweleza: duka ninaloliendesha linafungwa saa sita usiku, natoka na mauzo ya siku, na nina leseni ya kubeba bastola. Akaguna. Kisha akauliza uzito. Glock 19, ambayo ni ya ukubwa wa kati, ikijaa risasi 15 inafika kama gramu 850. "Basi ni nyundo hiyo," akasema. "Fundi gani anatundika nyundo kwenye kamba ya kiatu?"

Ala ninayoizungumzia ni ileile ya sime au kisu, ila hii ni ya bastola. Wenyeji wa huko na vijana wetu wanaiita holsta. Nawaandikia wale wa kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, wanaobeba kihalali huko waliko na jioni wanarudi nyumbani na alama nyekundu ubavuni.

Kwanza, unaruhusiwa?

Hapa sitaki utani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kumiliki bunduki au hata risasi. Misamaha ipo michache, mmojawapo ni wa mwenye leseni ya uwindaji, lakini usijifanye mwindaji kwa sababu umesoma hapa. Ongea na mwanasheria. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Mvuta bangi naye haruhusiwi kwa sheria hiyo ya shirikisho, hata kama jimbo lake linaiuza dukani kwa risiti. Na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grini kadi ya miaka ishirini.

Majimbo nayo kila moja na lake. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 na kuendelea asiye na kikwazo cha kisheria anabeba bila leseni. Minnesota, walikojaa ndugu zetu wa Afrika Mashariki, lazima uwe na kibali. Ndugu zangu wa malori, ninyi ndio mnaoamka jimbo hili na kulala jingine, kwa hiyo angalieni ramani ya sheria kabla ya ramani ya barabara. Hapo Texas penyewe, ukiona mlangoni bango lenye 51% kwa rangi nyekundu, jua mahali hapo pato kubwa ni la pombe na bastola haiingii.

Aliyeko Uingereza anaweza kuishia hapa: bastola zilipigwa marufuku kwa raia wa kawaida mwaka 1997, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka uliotangulia. Aliyeko Afrika Kusini aendelee kusoma, tena kwa makini, maana kwao ala ni suala la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000, kifungu cha 84, inataka bastola hadharani iwe ndani ya ala iliyofungwa mwilini, au ndani ya begi la kufaa, ifunikwe yote, na mbebaji awe na uwezo wa kuidhibiti. Kuichomeka tu kwenye suruali kama kwenye sinema ni kosa.

Mkanda

Watu tunanunua ala, inauma, tunanunua nyingine, inauma, mpaka droo inajaa. Mimi nilikuwa nazo tano. Kumbe mkanda ndio uliokuwa unalegea: bastola inainama kwa nje, mpini unasukuma shati, mdomo wa ala unachimba nyama, na wewe unakaza tundu moja zaidi ili isishuke. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Mkanda unaofaa una upana wa kama sentimita 3.8, kwa sababu vibanio vingi vya ala vimetengenezwa kwa upana huo. Uwe na tabaka mbili zilizoshonwa pamoja, au uwe wa nailoni nzito yenye utepe mgumu katikati. Jaribio la baba mdogo ni rahisi: ushike wima kwa upana wake kama unavyoshika rula, uone kama ncha inaanguka. Mkanda wangu wa dukani ulianguka kama mlenda.

Jambo la pili ni suruali. Ala inayokaa ndani ya suruali inakula nafasi, kwa hiyo nunua kiuno kilichozidi inchi moja au mbili. Nilikataa ushauri huu mwaka mzima kwa sababu ya kiburi cha kitambi.

Ngozi au plastiki

Ala nyingi za sasa ni za plastiki ngumu inayopashwa moto na kufinyangwa juu ya umbo la bastola. Jina linalotajwa sana ni Kydex. Hailegei, hainywi jasho, na ukiirudisha bastola unasikia "taka!" ikijifunga. Ubaya wake ni ugumu. Kingo zisiposuguliwa vizuri zinakata. Chukua msasa mwembamba uzisugue mwenyewe.

Ngozi inatulia mwilini zaidi. Nilimwonyesha baba mdogo kwenye simu picha ya ala yangu ya kwanza ya ngozi (yenyewe niliiacha Houston, sikutaka maswali uwanja wa ndege). Akavuta picha, akasonya. "Mdomo umelegea kama kiatu cha mzee. Ukisukuma kitu humu, ukingo unajikunja unaingia ndani."

Hakujua kwamba ametaja hatari kubwa kuliko zote katika ala za ngozi. Ngozi iliyochoka ikijikunja wakati unarudisha bastola, mkunjo unaingia kwenye kizingo cha triga, yaani kifyatulio, unaibonyeza, na risasi inatoka ikielekea paja lako. Imeshatokea kwa watu. Ala ya ngozi mdomo ukilegea, itupe. Usimpe rafiki.

Ukinunua ngozi, uliza imetengenezwaje. Ile ya kromu, laini ya makochi na makoti, haishiki umbo. Inayotakiwa ni ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti: inaloweshwa, inabanwa juu ya umbo la bastola, na ikikauka inabaki hivyo. Na hapo, wana wa Nyanda za Juu Kusini, msijione wageni. Ile miti ya miwati ya Njombe unayoipita ukienda Makambako, iliyopandwa na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949, magome yake ndiyo yanayotoa dawa ya namna hiyo. Baba mdogo aliposikia kwamba Wamarekani wanalipa zaidi kwa ngozi ya magome alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Zile za nailoni zinazoandikwa "inafaa bastola zote", achana nazo. Kinachofaa wote hakimfai yeyote. Ni kama zile kofia za harusi. Ala yangu moja ilikuwa ya namna hiyo. Siku moja chooni nilivuta bastola, ikaja na ala yake yote, kibanio kimebaki kinaning'inia kwenye mkanda.

Iwe ya nini, ala ina masharti matatu: ifunike triga yote kwa kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kuibonyeza kwa nje; ishike bastola hata ukiigeuza juu chini (jaribu bastola ikiwa haina risasi, juu ya kitanda); na mdomo ubaki wazi bastola ikitoka, uweze kuirudisha kwa mkono mmoja. Ikikosa moja, hata ikikaa laini kama mto, irudishe dukani.

Saa ngapi kiunoni

Waalimu wa huko hueleza mahali pa kuweka ala kwa kutumia uso wa saa, kitovu kikiwa juu ya uso huo. Hapa Mswahili aangalie. Mwalimu wangu aliniambia "nne", na kichwa changu kikasikia saa nne, mshale ukaelekea kushoto mbele. Yeye alimaanisha pale mshale unapokaa saa kumi, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Nitazitaja kwa saa zetu.

Saa tisa mpaka saa kumi ni pazuri kwa anayesimama na kutembea. Ukikaa kwenye gari, mpini unagongana na kiti na mkanda wa gari unapita juu yake. Ukiinama kuchukua kitu, mpini unachora shati kwa nyuma. Inamisha ala kama nyuzi 15 mpini uje mbele. Nyingi zina skrubu za kurekebishia.

Saa saba, mbele kulia mwa kitovu, pameenea sana siku hizi. Pananificha vizuri na ndipo ninapobeba, lakini mtutu unaelekea paja na mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo maana hapo ala legelege haina nafasi, na kurudisha bastola ni kwa utulivu, ukiangalia, kiuno umekisukuma mbele, shati umelishika juu. Tafuta ala yenye kibawa kidogo kinachosukumwa na mkanda ili mpini ulale mwilini, na gundisha kipande cha sponji chini ya ala upande wa ngozi yako. Sponji hiyo ya senti chache ilinisaidia kuliko ala ya dola 90. Mwenye kitambi ajaribu kuisogeza sentimita moja moja. Tofauti ya sentimita mbili ni tofauti ya kukaa na kusimama kanisani.

Saa kumi na mbili, katikati ya mgongo, usiweke. Ukiteleza kwenye barafu unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo.

Dada zangu, ninyi mna mambo ambayo waalimu wa huko hawayajui. Gauni la kitenge halina mkanda. Upo mshipi mpana wa kuvutika unaovaliwa tumboni chini ya nguo, lakini chagua wenye kipande kigumu kinachoziba triga, maana kitambaa peke yake hakizuii kitu. Mkoba uwe na chumba chake cha bastola, kisichoingia funguo wala lipstiki, na usiuweke chini hata dakika. Na siku ya kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, acha bastola kwenye kasiki: fundo la kanga linakaa saa sita na saa saba, miguu ya mtoto iko saa tisa na saa kumi, na vidole vyake haviko mbali.

Halafu kuna kukumbatiana. Mzungu anakupa mkono, wewe unaenda kwenye send-off ya mtoto wa Tukuyu na mama zako kumi na wawili wanakukumbatia kiunoni. Siku hizo siibebi. Pombe ikiwepo pia siibebi, hata kama ningekunywa soda tu. Niliwaahidi wa nyumbani.

Nyumbani kabla ya barabarani

Ukipata ala mpya, toa risasi zote, peleka risasi chumba kingine, hakiki mara mbili chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kisha ivae jioni nzima: kaa kwenye kochi, funga kamba za viatu, panda gari, panda ngazi, nenda chooni. Chooni ndiko watu wengi husahau bastola kwa kuitundika msumarini. Iache ndani ya ala, na ala ibaki kwenye suruali. Vaa hivyo kwa wiki. Ngozi ya mwili nayo inazoea, ila ganzi ya mguu si mazoea, hiyo inamaanisha mshipa wa fahamu umebanwa, hamisha ala.

Jasho la Houston si la Mafinga. Vaa fulana ndani, chagua ala yenye ukingo mrefu kati ya chuma na mwili, na futa bastola kila jioni la sivyo kutu itakuamkia.

Ukija likizo, bastola ibaki huko, kwenye kasiki. Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kuziingiza bila kibali ni kosa zito. Kagua begi kila mfuko. Risasi moja iliyosahaulika tangu siku ya shabaha inatosha kukulaza mahabusu, na ndege ya Songwe itaondoka bila wewe.

Baba mdogo alihitaji kupima mkanda ala ikiwa ndani ya suruali, na ala haikuwepo. Akachonga kipande cha mbao ya paini, unene wa ala yangu, akanichomeka saa saba, akazungusha kamba. Mkanda ulichukua siku mbili, tabaka mbili, nyuzi zilizopakwa nta. Ile mbao ameitundika juu ya mashine, wateja wakiuliza anawaambia ni tumbo la mwanae wa Marekani.