Kuchagua programu ya sauti za herufi kwa mtoto anayetaabika kusoma

Somo hili ni la wazazi wanaouziwa masanduku ya vitabu na kadi za rangi, kisha wakaambiwa mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kuunga herufi na sauti, atakuwa anasoma kufikia mwezi ujao. Programu ya namna hiyo haipo. Zipo nzuri, na zipo za kupoteza pesa, na ukizifungua kurasa chache kabla ya kulipa utazitambua.

Hatua ya 1. Masikio na macho kwanza. Mtoto asiyesikia vyema tofauti ya "p" na "b" hatasaidiwa na kadi. Akishapimwa hospitali, ulizia katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha tathmini, kile tukiitacho EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984, na kazi yao ni kupima watoto wenye mahitaji maalum na kushauri wafunzwe vipi.

Hatua ya 2. Chagua lugha ambayo mtoto huitumia akigombana na nduguze. Hapa ndipo wengi wetu hupotelea, maana Kiingereza kinaonekana ndicho cha maana. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja hubaki na sauti yake popote iendapo. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44: "a" ya cat si ya cake wala ya ball. Mtoto ambaye kuunga herufi na sauti ndiyo shida yake hasa, kwa nini aanzie kwenye mlango mzito? Programu ya Jolly Phonics ya Uingereza huanza na s, a, t, i, p, n kwa kuwa herufi hizo huunda haraka maneno kama sat na pin. Kwao ni busara. Kwetu maneno hayaishii kwa t wala n. Mtoto wa Lamu anafaa apate irabu zake, kisha m, k, b, t, ili mapema asome "mama", "kaka", "taa", na aone kwamba kusoma kunampa kitu.

Hatua ya 3. Tazama mpangilio. Sauti mpya ziingie moja moja, na za jana zirudiwe leo na wiki ijayo. Mb, nd, ch na sh zisubiri. Ng na ng' zisifunzwe siku moja. Mbinu iliyozaa programu nyingi za watoto hawa ni ya Orton-Gillingham, iliyoanza Marekani miaka ya 1930 kwa kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham: mtoto aone herufi, atamke sauti yake, aichore kwa kidole, yote kwa pamoja. Muuzaji akikutoza trei maalum ya kuchorea, mwambie mchanga wa ufuo wetu wa Shela hauna bei.

Hatua ya 4. Fungua hadithi. Ikiwa somo limefika m, a, k, i, hadithi isiwe na "mchungaji" wala "ng'ombe". La sivyo mtoto atakisia kwa picha, nawe utadhani anasoma. Ifunike picha kwa mkono uone.

Hatua ya 5. Mjaribu mtoto, na programu pia. Wengi huimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea. Elekeza kidole kwenye "bo" peke yake na wimbo utakatika. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana, kama "mupa" au "soleki". Shule za Uingereza hupima hivyo tangu 2012: maneno 40, nusu yake ya kubuni. Neno la kubuni haliwezi kukaririwa. Programu isiyo na jaribio lolote la aina hii mimi siinunui.

Maswali ya wazazi

Mama wa Matondoni: Mwalimu, wangu yuko gredi ya tatu. Herufi zote anazijua, lakini mstari mmoja unamchukua muda mrefu. Shuleni wasema ni mvivu.
Jibu: Si uvivu, dadangu. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, disleksia mara nyingi hujitokeza kwa kasi ndogo kuliko kwa makosa mengi. Tafuta programu inayorudia kifungu kimoja mara kadhaa, dakika ishirini kila siku. Saa mbili za Jumamosi humchosha tu.

Baba wa Mokowe: Na hizi za kwenye simu?
Jibu: Ni za mazoezi tu. Nyingi hazimsikii anapotamka vibaya.

Bi wa Langoni: Akiona "macho" husoma "mato", na "njia" husoma "ndia". Nimsahihishe? Na chuoni, kwenye Kurani, asoma kutoka kulia, nimtoe?
Jibu: Bi, huyo amesoma na akaelewa, kisha akatamka Kiamu, lahaja ya Lamu ya nyumbani. Usimhesabie kosa, mwonyeshe tu kitabu kinavyoandika. Chuoni usimtoe. Lugha mbili hazileti disleksia, na kule kuunga herufi na alama za irabu za Kiarabu, fataha, kisira na dhumma, ni zoezi la sauti hilo hilo. Tenganisha saa za masomo, na kwenye kitabu cha Kiswahili mwekee nukta ya rangi upande wa kushoto ajue pa kuanzia.

Mzazi wa Malindi: Nyumbani twasema Kigiriama.
Jibu: Irabu ni zile zile, kwa hiyo anzeni na maneno yake ya nyumbani yenye herufi nyepesi. Dz na ts ziacheni nyuma pamoja na mb na nd.

Mama wa Shela: Nimeshanunua ya Kiingereza, sanduku zima. Niitupe?
Jibu: La. Toa kadi za herufi, uzipange upya kwa silabi zetu. Vitabu vya hadithi viweke kabatini hadi asome Kiswahili bila kusitasita.