Kupiga kinubi kwenye maharusi kama kazi: unaanzaje na unafanyaje uitwe tena

Kama unapiga kinubi vizuri nyumbani na unataka kianze kukuingizia hela, harusi ndo mlango wa karibu kuliko mingine yote. Ila ujue mapema, kwenye harusi hakuna anayekulipa kwa ugumu wa vipande unavyopiga. Unalipwa ili muziki uende sawa na kinachotokea mbele za watu, uanze pale unapotakiwa, uishe pale unapotakiwa, na mtu yeyote asihangaike kwa ajili yako. Kuna wapigaji wana vidole vya ajabu kabisa lakini hawaitwi mara ya pili, na ukichunguza sababu unakuta ni hapo tu.

Tuanze na chombo. Kinubi kikubwa cha pedali kina nyuzi 47 na pedali 7, uzito unacheza kwenye kilo 36 mpaka 40 hivi, na kwa urefu kinamzidi mtu wa kawaida. Kila pedali inashika noti moja kwenye kinubi kizima, yaani ukikanyaga ya C basi C zote zinapanda nusu toni kwa pamoja, kwaiyo wimbo unaobadilisha kii (noti ya nyumbani ambayo wimbo umejengwa juu yake) katikati unaupiga bila mikono kutoka kwenye nyuzi. Kinubi cha leva mara nyingi kina nyuzi 34 au 36, kila uzi na leva yake, yaani kikono kidogo cha kuupandisha nusu toni, na ukitaka kubadilisha noti mkono wa kushoto lazima uache kupiga uguse leva afu urudi. Wengi wanaamini bila cha pedali hawawezi kupata oda, mimi sikubaliani kabisa. Cha leva unakibeba mwenyewe, kinaingia kwenye gari ndogo, kinapanda ngazi, na muziki wa harusi karibu wote unaweza kupangwa upya ukakaa humo. Anza nacho, cha pedali kitakuja kazi zikiongezeka.

Sasa kiini chenyewe. Bibi harusi anaweza kutembea ile njia kwa sekunde 40 au kwa dakika 3, anaweza kusimama katikati akaanza kulia, mtoto wa maua anaweza kugoma mlangoni, na wewe hutaambiwa mapema. Wimbo wako una urefu wake, tukio lina urefu wake mwingine, afu havitalingana. Kwaiyo kila wimbo wa kuingilia ukate kwenye mistari mifupi na kila mstari uutafutie mlango wa kutokea, yaani namna ya kurudi nyumbani kwenye kii ukafunga kwa utulivu bila watu kuhisi umekatizwa. Canon ya Pachelbel, kipande maarufu cha muziki wa klasiki, inapendwa sana kwenye kazi hii na sio kwa uzuri tu, besi yake ni noti 8 zilezile zinajirudia mwanzo mpaka mwisho, mzunguko wowote ukiisha unaweza kutoka. Nyimbo nyingine itabidi uzitengenezee hiyo njia mwenyewe. Zoezi linalofanya kazi ni hili: mwambie mtu akae mbele yako anyanyue mkono muda wowote anaotaka bila kukuonya, na wewe umalize ndani ya mstari mmoja, usikimbize mwendo, usipunguze ghafla. Fanya hivyo mpaka usione tofauti ya kumaliza hapa au pale.

Na ili umalize kwa wakati lazima uone. Kinubi kinaegemea bega la kulia, nyuzi na mbao zinakuziba upande huo, kwaiyo omba kukaa sehemu ambayo mlango uko kushoto kwako au mbele. Ukumbi ukikataa, kubaliana na mratibu wa harusi asimame mahali unapomuona akupe ishara mbili tu, moja ya kuanza moja ya kufunga. Ishara mkubaliane siku hiyohiyo mkiwa mmesimama palepale, kwenye simu watu husema sawa sawa afu wanasahau. Ukiona bibi harusi amebakiza hatua tano sita anza kutafuta mlango wako wa kutokea kwenye wimbo, akifika na kusimama noti yako ya mwisho iwe ndo inafifia. Watu hawatakumbuka ulipiga nini lakini watakumbuka kwamba pale palikuwa pazuri.

Maharusi wakiwa wanatoka ni tofauti kabisa. Watu wanapiga makofi, vigelegele, viti vinasogezwa, na kinubi sio chombo cha kelele, ukianza taratibu hakuna atakayejua umeanza. Ingia na mikono miwili imejaa, telezesha vidole kwenye nyuzi kutoka chini mpaka juu, wimbo uwe na mwendo. Melodi ndogondogo za kupendeza zitunze kwa wakati wageni wanaingia na wakati wa vinywaji, huko una uhuru wote. Kwa kazi ya ibada pamoja na vinywaji andaa muziki wa masaa mawili na zaidi usiojirudia, na kwenye mkataba weka mapumziko kila baada ya dakika 45 hivi, vidole ni nyama.

Kuhusu nyimbo za kuombwa. Maharusi wengi watataka wimbo wao, na ni vizuri, ila sikiliza kwanza kabla hujasema ndio. Wimbo ambao uzuri wake uko kwenye melodi utakaa vizuri. Wimbo ambao mwimbaji anakaa kwenye noti moja na raha yote iko kwenye ngoma na maneno, kwenye kinubi unabaki mtupu, na ni heshima kuwaambia ukweli huo mapema na kuwapa pendekezo lingine. Kuupanga upya wimbo ni kazi ya masaa mengi, itoze pembeni, na weka tarehe ya mwisho ya kuomba, wiki nne kabla sio nyingi.

Bei. Wengi wanaoanza wanahesabu muda wa kupiga tu, saa moja basi wanataja hela ya saa moja. Hesabu kupakia, barabara, kushusha, kutyuni, kusubiri (harusi huchelewa), kupakia tena na kurudi, afu nyuzi na matengenezo, afu mazoezi ya nyimbo zao. Hiyo ndo siku yako. Chukua kianzio ndo ushike tarehe, iliyobaki ilipwe kabla ya siku yenyewe, kwa sababu usiku wa harusi hakuna mtu wa kumuuliza hela. Kila kitu kiandikwe: saa ya kuanza na ya kumaliza, wakichelewa unalipwaje, nani akisitisha inakuaje. Weka na masharti ya chombo: sakafu tambarare, kiti kisicho na mikono, kivuli, pa kushushia gari karibu, na kama kuna ngazi waseme leo. Ukumbi ulio ghorofani bila lifti na kinubi cha pedali ni kazi nyingine kabisa yenye bei nyingine.

Kuhusu kupiga nje nina msimamo. Jua kali hapana, mvua hata manyunyu hapana, na liandikwe hivyo. Nyuzi kwenye kinubi kikubwa zinavuta kwa nguvu inayokaribia tani moja, ubao wa sauti unabeba hiyo nguvu muda wote, joto linalegeza gundi na mbao zinaanza kufunguka. Ndo maana pia hukiachi ndani ya gari lililofungwa juani, hata kama ni dakika chache unaenda kusalimia. Upepo nao unaimbisha nyuzi zenyewe na unapeperusha karatasi za noti, beba vibanio.

Fika angalau saa moja kabla. Kiweke kinubi pale kitakapokaa, kiache kizoee hewa ya chumba, tyuni, afu rudia tena dakika chache kabla ya wageni, kwa sababu ukumbi ukijaa joto linabadilika na nyuzi nazo zinaondoka. Beba nyuzi za akiba za kila saizi na ujue kufunga fundo lake haraka. Ila usibadilishe nyuzi nyingi wiki ya harusi, uzi mpya unaendelea kunyooka kwa siku kadhaa na utakuwa unashuka kila wimbo. Beba na taa ndogo ya stendi: nyuzi za C ni nyekundu na za F ni nyeusi, na huo ndo ramani yako, sasa DJ akiwasha mataa yake ya zambarau zote zinakuwa giza moja. Asubuhi ya kazi usifue wala kuosha vyombo, ngozi ikilowa sana inalainika na malengelenge yanakuja mapema.

Wateja watatoka wapi? Zaidi watatoka kwa wapiga picha, waratibu na wenye kumbi, wao wanawaona maharusi kila wiki. Rekodi video fupi, dakika moja inatosha, mikono ionekane, sauti iwe safi, uwatumie hao watu. Na ukiulizwa tarehe jibu siku hiyohiyo, kwa sababu anayeuliza ameuliza na wengine.

Mwisho, harusi haisogezwi kwa sababu una homa. Jenga urafiki na wapiga kinubi wengine wa eneo lako, mjuane nani anaweza nini, na orodha ya nyimbo za kila harusi iwe mahali ambapo mwenzako anaweza kuipata ndani ya dakika tano ukimpigia alfajiri. Naye akikupigia, kama uko huru nenda.