Nambari Zinazofuatana: Ianze ya Katikati

Watoto wa majirani wanaokuja kwangu jioni na madaftari ya Hisabati wana mazoea yaleyale. Wakiona tu swali la nambari zinazofuatana, wanaandika n, n + 1, n + 2 hata kabla ya kulisoma hadi mwisho. Si kosa, na jibu watalipata. Ila mimi huwaambia waishike kwanza nambari ya katikati, maana hapo hesabu hupungua na sababu yake huonekana wazi.

Kwanza tuelewane. Nambari zinazofuatana ni nambari kamili zinazopanda kwa moja moja bila kuruka: 7, 8, 9. Hasi nazo zimo: −2, −1, 0. Shufwa zinazofuatana hupanda kwa mbili mbili, kama 14, 16, 18. Witiri je? Pia kwa mbili mbili: 15, 17, 19. Hapa wengi huteleza, wakidhani kwamba witiri lazima ziongezwe moja au tatu. Chukua 15 uongeze moja, unapata 16. Ongeza tatu, unapata 18. Zote shufwa.

Sasa swali lenyewe. Jumla ya nambari tatu zinazofuatana ni 132, zitafute. Ya katikati iite x. Iliyo kabla yake ni x − 1, iliyo baada yake ni x + 1. Ukizijumlisha, ile moja iliyopungua huku inafidiwa na ile moja iliyozidi kule, na kinachobaki ni 3x. Basi 3x = 132, na x ni 44. Nambari ni 43, 44 na 45. Zijumlishe tena uhakikishe, kisha urudi kwenye swali uone limetaka nini: zote tatu, au ile kubwa peke yake? Alama nyingi hupotelea hapo, mtoto amefanya kazi yote vizuri akaandika nambari isiyoulizwa.

Zikiwa tano, ni vilevile. Jumla ikiwa 225, gawanya kwa 5 upate 45, kisha hesabu mbili kurudi nyuma na mbili kwenda mbele: 43, 44, 45, 46, 47. Witiri tatu zenye jumla ya 81? Katikati ni 27, kwa hiyo ni 25, 27, 29.

"Na zikiwa nne, Mwalimu?" Kijana wa Gredi ya Nane aliniuliza hivyo, na ni swali zuri kuliko mengi ya vitabuni. Nne hazina nambari ya katikati. Katikati yake ni pengo kati ya ya pili na ya tatu. Kwa hiyo ukigawanya jumla kwa 4, jibu lazima liishie na nusu. Tuseme jumla ni 90. 90 ÷ 4 = 22.5. Mbili ziko chini ya hapo, 21 na 22, na mbili juu, 23 na 24. Lakini ukipewa jumla ya 92, unapata 23 kamili, na hakuna nambari nne zinazofuatana zenye jumla hiyo. Usizilazimishe. Andika kwamba hazipo, na ueleze kwa nini. Nataka sana watoto wazoee kuandika jibu la namna hiyo bila woga.

Kuna jambo lingine ninalolipenda, na mfano wake uko hapa kwetu. Mitaa ya Githurai 44 na Githurai 45, pale Thika Road, Nairobi, ilipata majina kutokana na nambari za njia za mabasi. 44 ni 4 × 11. 45 ni 9 × 5. Hakuna nambari inayozigawanya zote mbili bila kubakisha, isipokuwa 1. Haikutokea kwa bahati: nambari inayogawanya zote mbili lazima igawanye pia tofauti yao, na tofauti yao ni 1. Ndivyo ilivyo kwa jozi yoyote inayofuatana, kwa hiyo ukikutana na sehemu kama 44/45, usipoteze muda kuirahisisha. Na ukiulizwa 45² − 44², huna haja ya kuzidisha. Jumlisha tu 44 na 45: 89. Ukitaka kuhakikisha, 2025 − 1936.

Maswali ya kuzidisha hutaka kukadiria. Umefungua kitabu, na zao la nambari za kurasa mbili zinazotazamana ni 1056. 30 × 30 ni 900, na 35 × 35 ni 1225, basi kurasa ziko humo katikati. 31 × 32 ni 992, bado. 32 × 33 ni 1056. Umefika.

Maswali ya kurasa yana mtego wake, hasa yakiwa ya jumla. Ukiambiwa jumla ya kurasa zinazotazamana ni 145, utapata 72 na 73, sawa. Ukiambiwa ni 143, utapata 71 na 72, na hapo simama. Kwa kawaida vitabu huwa na shufwa kushoto na witiri kulia. 71 na 72 ni pande mbili za karatasi moja, hazitazamani kamwe.