Somo: Unguja, Pemba na Mafia kwa begi la mgongoni

Wadau, wengi wanaamini visiwa ni vya wenye dola. Kitanda na chakula si vitu vinavyomaliza pesa kule. Pesa inaliwa na kukodi: teksi peke yako, mashua peke yako, tena leo leo. Anayeweza kusubiri gari ijae na meli ifike siku yake anazunguka vizuri tu. Somo ni la Mtanzania anayeanzia Dar, na wa nje nimewagusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Msimu, na idadi ya visiwa

Julai, Agosti na sikukuu za Desemba bei hupanda kila mahali. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, vyumba hushuka bei lakini mvua inaweza kukufungia ndani siku mbili mfululizo, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa. Mimi napenda Februari, au Oktoba kabla vuli haijachanganya. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka. Mwenye kichefuchefu ajipange.

Mwenye wiki moja achague kisiwa kimoja. Kila ukivuka maji unalipa nauli, na mara nyingi unapoteza siku nzima.

Hatua ya 2: Kuvuka

Unguja ni rahisi: boti za kasi kutoka bandari ya Dar hadi Malindi, bandari ya mjini Unguja, huchukua kama saa mbili. Kata tiketi ya daraja la kawaida, dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usinunue kwa kijana anayekukimbilia getini. Beba kitambulisho. Kaa chini, nyuma. Mbele ndiko boti inakorukaruka.

Pemba ina ndege ndogo zinazotua Chake Chake, lakini mwenye begi hupanda meli hadi Mkoani. Meli hiyo haiendi kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba kwanza, ndipo upange mengine yote kuizunguka. Watu hupanga Unguja siku nne kamili, kisha wanakuta meli imeondoka jana.

Mafia usiitafute bandari ya Dar. Panda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, huko deltani Rufiji, kisha chombo hadi Kilindoni. Muda wa kuondoka hufuata maji, hivyo piga simu kabla ya kutoka nyumbani.

Usibane matumizi kwenye usalama. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Julai, ikazama MV Skagit iliyotoka Dar. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa na nafasi hakuna, shuka. Nauli ikipotea, ipotee.

Hatua ya 3: Gari za shamba

Unguja daladala huitwa gari, na zinazotoka mjini kwenda vijijini ni gari za shamba. Zina namba: 116 Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Ya uwanja wa ndege ni 505. Nauli haifiki hata sehemu ya kumi ya teksi. Nungwi ni kama kilomita 60, lakini gari inasimama kila penye mtu, kwa hiyo hesabu saa mbili. Begi litapanda juu ya bodi pamoja na magunia, basi simu na pesa viwe mwilini.

Panda asubuhi. Jioni gari za kurudi mjini huwa chache, na hapo ndipo wenye teksi wanapokusubiri.

Pale Malindi utapokewa na papasi, yaani vijana wanaowinda wageni. Sema "ahsante, nshafika" na uendelee kutembea, wengi watakuacha.

Hatua ya 4: Yajue maji

Hili watu wa bara hatulijui, na ndilo linaloharibu safari nyingi. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa hurudi mbali sana, unabaki na mchanga, miamba na akina mama wakivuna mwani. Mtu amelipia chumba cha ufukweni halafu anapanda teksi kwenda kutafuta bahari Nungwi!

Kanuni ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika Jambiani wakati wa mbalamwezi, asubuhi tembea kwenye mwamba na viatu miguuni (kuna viumbe vya baharini viitwavyo urchini, vyenye miiba), na kuogelea kuwe jioni. Usikanyage vigingi na kamba za mwani. Lile ni shamba la mtu. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa.

Hatua ya 5: Kula na kulala

Lala mjini kwenye gesti za Ng'ambo, si Mji Mkongwe. Ni dakika chache kwa miguu. Vijijini, lala mstari wa pili au wa tatu kutoka baharini. Muulize mwenye nyumba bei ya usiku tatu, si ya usiku mmoja.

Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku, nenda ukaone, ule kidogo, uulize bei kabla ya mshikaki kuingia motoni. Shibe itafute sokoni Darajani: chai na mkate wa boflo asubuhi, urojo alasiri, wali na samaki mchana.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nikibeba hema nilale ufukweni bure, inawezekana?
Usijaribu kimya kimya. Ufukwe una kijiji, na kijiji kina sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo. Nenda kwake kwanza, jitambulishe, mwombe. Akikataa, tafuta gesti.

Mimi ni dada, nasafiri peke yangu. Pemba vipi?
Pemba ni tulivu kuliko Unguja, na watalii ni wachache. Beba kanga mbili na nguo za kufunika mabega na magoti. Vazi la kuogelea liishie majini. Ngezi kuna msitu wenye popo wakubwa wa Pemba, na mbele yake ufukwe wa Vumawimbi, mara nyingi mtupu kabisa. Huko nenda na mwenzako au bodaboda uliyekubaliana naye akusubiri, maana usafiri wa kurudi ni wa shida.

Nakuja na rafiki Mjerumani. Atalipa sawa na mimi?
Hapana. Boti na hifadhi, kwa mfano Jozani kwa kima punju, zina bei ya mgeni. Viza ya kawaida ni dola 50. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar pia inadai bima ya lazima kwa wageni, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana ya kwao. Ailipie mtandaoni kabla. Gari za shamba mtalipa sawa, ila wewe ndiye umpe utingo nauli.

Mwezi wa Ramadhani niahirishe?
Mchana migahawa ya mjini mingi hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni mwiko. Lakini vyumba huwa wazi, na baada ya magharibi mji unachangamka kwa vyakula usivyoviona miezi mingine. Ukiweza kula daku chumbani, njoo.

Papa potwe wa Mafia kwa mtu mmoja si ghali?
Ni ghali ukikodi boti peke yako. Wanaonekana karibu na Kilindoni, takriban Oktoba hadi Machi. Fika jioni, ulizia kwenye gesti nani anatoka kesho, mjazane boti moja mgawane. Kabla ya kupanda, uliza kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Ukiwa majini usimguse samaki, na nahodha akisema rudini, rudini.