Kuwaza Bila Kuzua: Namna ya Kuandika Historia ya Mtaa Wako

Anayeandika historia ya ukoo au mtaa wake hapa Lubumbashi hufika upesi mahali karatasi zinapokwisha. Babu ameacha kitabu cha kazi cha Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, chenye jina, namba na tarehe, lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema aliogopa nini. Pengo hilo halizibiki bila kuwaza. Ugumu ni kuwaza bila kuzua.

Chagua siku moja badala ya maisha mazima. Tuseme ni tarehe 9 Desemba 1941, siku ambayo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mishahara, wakiwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Andika kwanza yaliyothibitika, hata madogo: kalenda inaonyesha kuwa ilikuwa Jumanne, Desemba kwetu ni majira ya mvua, mji uliitwa Élisabethville, na haukubadilishwa jina hadi mwaka 1966.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka, yaani kuusahau mwisho. Wewe unajua kwamba risasi zitapigwa, ila mtu aliyetoka asubuhi katika kambi ya wafanyakazi hakujua, na ukimwandika akitembea kwa huzuni kama anayekwenda kufa, umemvika ujuzi wako. Jiulize badala yake: alitarajia kurudi na nini, alimwachia nani watoto, nani alimwambia aende? Maswali ya namna hii hayakupi majibu, bali yanakuonyesha pa kutafuta, iwe katika picha za zamani, orodha za posho au kumbukumbu za wazee.

Unapojaza pengo, msomaji aone kiraka. Maneno kama huenda, yamkini na inaelekea yanatosha, mradi usiyarundike katika kila sentensi hadi maandishi yote yayumbe. Usimtilie marehemu kinywani maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Mimi huona hilo kuwa kosa zito kuliko kukosea tarehe, kwa kuwa tarehe husahihishika.

Kumbuka pia kwamba mawazo ya wengine ni ushahidi, ingawa si wa kila kitu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliyachora mauaji hayo katika miaka ya 1970 bila kuyashuhudia. Usimtegemee kwa sare za askari. Mtegemee unapotaka kujua jinsi watu wa mji huu walivyoibeba siku hiyo miaka thelathini baadaye.

Mwishowe msomee rasimu kwa sauti mzee aliyekulia kambini. Akikukatiza na kusema kwamba njia uliyomwandikia babu haikuwako wakati huo, ifute, hata kama imo katika sentensi uliyoipenda kuliko zote, kisha uandike pembeni nani amekusahihisha na siku gani.