Somo: Jinsi ya kubuni lugha ya dunia yako, kuanzia ziwani

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutema, tuliambiwa tuhame. Nilitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwa miguu kuelekea Sake nikiwa na sufuria, blanketi, kadi ya uchaguzi na simu isiyo na chaji. Kaye zangu mbili, madaftari ya lugha niliyokuwa nikiibuni, zilibaki chini ya godoro.

Lugha hiyo inaitwa Kimea. Ndiyo, najua kimea ni nini kwa mama anayepika pombe, na majirani wamenicheka vya kutosha. Wakati ule ilikuwa na maneno kama mia sita. Kule Sake, barazani kwa watu, bila kazi ya kufanya, nikaanza kuyakumbuka moja moja. Nikagundua jambo ambalo ndilo sababu ya somo hili. Maneno niliyokuwa nimeyatunga kwa sababu tu yalisikika vizuri, kama majina ya rangi na vyakula, yalikuwa yamepotea karibu yote. Yale yaliyozaliwa na kanuni yalirudi yenyewe. Nililisahau neno, nikaikumbuka kanuni, na kanuni ikanirudishia neno. Tuliporudi Juni nikafungua kaye na kulinganisha: makosa yalikuwa machache kuliko nilivyoogopa.

Kwa hiyo anayetaka orodha ya maneno matamu ya kubuni, hapa hataikuta. Tutatengeneza mashine inayozaa maneno.

Hatua ya kwanza: ardhi

Chora ramani kwanza. Biki na ukurasa mmoja vinatosha, usitafute programu. Usiweke jina lolote. Jiulize tu watu wa pale wanakunywa maji ya wapi, wanajenga kwa nini, wanaogopa nini usiku.

Sisi wa Goma tumepewa dunia iliyojaa tayari. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na leo ukuta wa nyumba nyingi umejengwa kwa mawe yale yale yaliyobomoa nyumba za mwanzo. Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya maji: methani takriban kilomita za ujazo 60, na dioksidi ya kaboni kama 300. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Halafu kuna mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi, hata mtu aliyelala chini. Neno hilo ni letu, na wanasayansi wa volkano wa nchi za nje wanaliandika hivyo hivyo katika ripoti zao.

Sasa fikiria watu wasiojua Kiswahili wala Kifaransa, wanaishi kando ya ziwa la namna hiyo. Je, watakuwa na neno moja tu la maji? Mimi niliwapa mawili, la maji ya juu yanayonyweka na la maji ya chini yanayoua. Hapo lugha ilikuwa imeanza, na sikuwa nimetunga hata silabi.

Hatua ya pili: sauti

Hapa wengi wanaharibu kwa kuongeza. Wanaweka sauti zote wanazozijua, kisha wanapachika alama juu ya herufi ili ionekane ya ajabu. Fanya kinyume, punguza. Kihawaii kina konsonanti nane na bado watu wanapendana, wanagombana na wanaimba kwacho.

Ukitaka lugha yako isisikike kama ya kwetu, ondoa mb, nd, ng na nz. Hiyo peke yake inatosha kuipeleka mbali. Kimea hakina hata moja. Kina p, t, k, d, m, n, r, l, s, h na irabu zetu tano, basi. Andika sauti zako mlangoni na usimruhusu neno mgeni aingie bila kuvua viatu.

Hatua ya tatu: mama na watoto wake

Hii ndiyo hatua yenyewe, tukae nayo.

Chukua maneno matatu ambayo kila mtu wa Goma ameyasikia. Kiswahili: mvua, njaa, njia. Lingala, katika muziki na kwa wanajeshi: mbula, nzala, nzela. Vuka mpaka uingie Gisenyi, Rwanda: imvura, inzara, inzira. Tazama vizuri. Pale ambapo Lingala ina l na Kinyarwanda kina r, Kiswahili kina shimo. Hakuna mzee aliyekaa chini ya mti akaamua mvua iitwe mvua. Sauti moja ilianguka katikati ya irabu, na ilipoanguka ilianguka katika maneno mengi kwa pamoja, ingawa kuna mahali ilishikilia.

Ndivyo utakavyofanya wewe. Kwanza tunga lugha mama, ambayo hakuna tena anayeisema. Maneno hamsini tu, na hapo ndipo unaruhusiwa kurusha silabi upendavyo. Yangu ni kama haya: *kalu* ni jiwe, *rali* ni mlima, *mela* ni maji, *lomi* ni mtu. Kisha andika kanuni, na uzipange kwa namba.

Kanuni yangu ya 1: l iliyokaa kati ya irabu mbili inaanguka. Kanuni ya 2: ai inakuwa e, na au inakuwa o. Hii ya pili haikutoka mbali. Wa-ingi ndio wengi, na ma-ino ndiyo meno. Kanuni ya 3: irabu mbili zinazofanana zikikutana zinakuwa moja.

Sasa zungusha mashine. Kalu inakuwa *kau*, halafu *ko*. Rali inakuwa *rai*, halafu *re*. Mela inakuwa *mea* na kubaki hapo.

Utaratibu wa namba ni muhimu kuliko mnavyodhani. Geuza, kanuni ya 2 itangulie ya 1. Ya 2 itafika kwa kalu na kukuta hakuna *au* ya kubadilisha, ipite. Baadaye l itaanguka na neno litabaki *kau*. Yaani kanuni zile zile, kwa mpangilio mwingine, zimekupa lahaja ya pili bila jasho. Wavuvi wangu wa kisiwani wanasema kau na rai, na watu wa pwani wanawacheka kwamba wanaongea kama mababu. Watu wa kusini mwa ziwa hawakuangusha l kabisa, walikata irabu ya mwisho: *kal, ral, mel*. Mama mmoja, watoto watatu. Mgeni akiwasikiliza sokoni atajua ni ndugu, kama tunavyojua kwamba *abantu* ya Kinyarwanda, *abandu* ya Kinande, *bato* ya Lingala na *watu* ya Kiswahili vimetoka tumbo moja.

Hatua ya nne: ngeli, au chochote kitakachozishika kazi zake

Si lazima lugha yako iwe na ngeli. Marc Okrand alipobuni Kiklingoni, lugha ya filamu za Star Trek, aliweka anayetendewa mwanzo na mtendaji mwisho, ili isifanane na lugha alizozizoea wasikilizaji wake. Lakini sisi tumelelewa na ngeli, tunazijua kwa ndani, na ni ujinga kuacha shoka nyumbani ukienda kukata kuni. Tafadhali tu usinakili M-WA na KI-VI. Gawanya vitu kwa jicho la watu wa ramani yako.

Kwangu kuna ngeli tatu. *O-* ni vinavyoelea, *i-* ni vinavyozama, *ta-* ni vinavyowaka. Jiwe linazama: i-kalu, ambayo ikipita kwenye mashine inatoka *iko*. (Leki yangu, yaani mdogo wangu, alipoisikia akauliza: "Iko iko wapi?" Nimeiacha hivyo hivyo.) Mlima wa kawaida ni *ire*, lakini volkano ni *tare*. Maji ya juu ni *omea*, maji ya chini ni *imea*. Yale maneno mawili ya maji niliyoyahitaji kwenye ramani yamejileta.

Na mtu? Mtu hai anaelea: o-lomi. Kumbe sasa l imekaa kati ya irabu mbili! Inaanguka, inabaki *oomi*, kanuni ya 3 inaifupisha: *omi*. Marehemu amezama: i-lomi, inakuwa *iomi*. Lakini ukimwita mtu kwa sauti, bila kiambishi, l inarudi: "Lomi!" Mgeni anayejifunza atalalamika kwamba neno hili halina adabu. Ni malalamiko yale yale ya Mzungu anayeambiwa ulimi mmoja, ndimi mbili. Mtu mrefu, nyumba ndefu. Ukorofi wa namna hiyo ndio unaofanya lugha ionekane imetumiwa na watu wenye meno, na mimi sikuupanga.

Hatua ya tano: ipeleke sokoni

Usianze kwa kutafsiri sala wala shairi. Hapo utajidanganya, kwa sababu sala inasikika vizuri katika lugha yoyote. Tafsiri mabishano ya bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Tafsiri kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayewafukuza watu njiani. Utagundua huna neno la "ongeza kidogo", huna namna ya kuuliza swali, huna tusi dogo la kirafiki. Rudi kwenye mashine. Kwangu hatua hii imechukua miaka mitatu na bado.

Kuhusu kuhifadhi: kaye mbili, na picha za kurasa kwenye simu ya mtu mwingine. Anayeishi chini ya Nyiragongo hahitaji maelezo zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Katindo, Goma:* Yaya, asanti kwa somo. Mimi nilianza na herufi zangu mwenyewe, nilitengeneza makumi matatu, ni nzuri sana. Sasa lugha yenyewe haikuye. Nifanye aje?

Leki, zitunze, usizitupe. Ila sauti zikibadilika utalazimika kuzichora upya, ndiyo maana mimi huweka maandishi mwishoni. Ukirudi kwazo, jiulize watu wako wanaandika kwa nini na juu ya nini. Anayekwaruza jiwe la lava hawezi kuchora duara. Wabeladio Payi, wa hapa kwetu Kongo, alibuni maandishi ya Mandombe mwaka 1978 baada ya kuona maumbo ya 5 na 2 katika mistari ya ukuta wa matofali. Herufi zote zikatokana na maumbo hayo. Tafuta ukuta wako.

*Mwanachama wa Kadutu, Bukavu:* Maneno ngapi inatosha ili niseme niko na lugha?

Inategemea unataka nini. Toki Pona, lugha ya kubuni iliyotolewa na Sonja Lang mwaka 2001, ina maneno kama 120 na watu wanaongea kwayo. Lakini ilikusudiwa kuwa ndogo, kila neno limebeba mzigo mkubwa. Kwa dunia ya hadithi, mashina hamsini yenye kanuni nzuri yatakufikisha mia tatu kabla hujachoka. Mia tatu yasiyo na kanuni utayasahau kufikia Krismasi.

*Mwanachama wa commune ya Kenya, Lubumbashi:* Yaya, batu banasemaka Kiswahili ya kwetu iko mbaya, haina kanuni. Mi naweza kuitumia kwa kubuni, ao nitafute Kiswahili ya bitabu?

Itumie, tena wewe una mgodi. Chukua lile *njo* lenu: "Mi njo nilimuita." Lilikuwa ndiyo, neno kamili la kujitegemea. Likatumiwa mno, likachakaa, na sasa linafanya kazi ya sarufi: linaonyesha ni nani hasa unayemsema. Lugha za dunia nzima hufanya hivyo. Katika Kimea nilichukua neno la "tazama", nikalichakaza mpaka likabaki *ha*, na sasa ndilo linaloanzisha swali. Anayesema Kiswahili chenu hakina kanuni hajakaa nacho.

*Mzee mmoja wa Himbi, Goma:* Mwanangu, nimesoma yote. Watoto wangu hawajui Kihunde, wajukuu ndiyo kabisa. Lugha zetu zinazama, na wewe unatengeneza nyingine ya hewa. Huoni ni kama kulisha mbuzi wa mchoro?

Shikamoo mzee. Nimelipokea, na sina jibu la kulizima swali lako. Naweza kusema tu lililonipata. Kabla ya mchezo huu Kinande changu kilikuwa cha salamu. Nilipotaka kujua kwa nini wao wanasema abandu na majirani abantu, ilinibidi nikakae na dada wa bibi yangu, mwezi mzima wa Jumapili, nikimwuliza neno moja moja. Kaye ya Kinande ni nene kuliko ya Kimea sasa. Mzee ukiniruhusu nije Himbi na biki, nitakuja.

*Mama wa Ndosho, Goma:* Sasa hiyo Kimea unaongea na nani?

Na leki yangu peke yake, mama, sokoni Virunga, tusipotaka muuzaji ajue tumepanga bei gani. Ghali kwetu ni *re*, yaani mlima bila kiambishi. Tumeitumia miezi, tukijiona wajanja. Wiki iliyopita nimesimama mbele ya bakuli la sambaza, leki akaninong'oneza "re". Yule mama muuzaji, bila kuinua macho, akamwambia: "Re hapana, mwanangu. Hiyo njo bei ya mwisho."